Moki Iliyokubali Namba Yoyote

Nekesa mwanangu,

Juu ya bahasha nimeandika usiifungue mpaka basi livuke Busia na kuingia Kenya. Najua utaifungua kabla ya Jinja, nakujua wewe, lakini nimeandika hivyo kwa sababu nataka uwe mbali utakaposoma, mahali ambapo huwezi kurudi na kunitazama usoni. Sasa hivi ni saa tisa alasiri. Umeenda Kalerwe kuaga marafiki zako na kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, za safari, na nyumba imebaki na mimi na sanduku lako lililo wazi kitandani.

Nimelichungulia. Ndiyo, nimelichungulia, kwani ulitarajia nini? Sweta niliyokufumia niliiona juu kabisa, nikafurahi, mpaka nilipoiinua nikakuta umeitumia kufungia daftari la Zainabu. Lile la jalada jekundu, alilokuandikia kwa mkono wake namna ya kufanya majaribio ya programu. Wiki sita nimekaa nafuma, haki ya Mungu, na sweta yangu imekuwa karatasi ya kufungia daftari la mwanamke mwingine.

Kwa hiyo sitakuandikia habari za baridi ya Nairobi, wala za kula vizuri, wala za kanisa. Hayo una akili ya kuyajua. Nataka kukuandikia habari za wivu wangu, kwa sababu Jumatatu utaanza kazi Nairobi, meza moja na Zainabu, na kuna jambo analolijua juu yangu ambalo wewe hulijui. Amelinyamazia miaka miwili. Mimi pia nimelinyamazia. Yeye alinyamaza kwa ajili yako na mimi nilinyamaza kwa ajili yangu, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo.

Wivu wenyewe haukuanza na Zainabu. Ulipokuwa darasa la pili ulikuwa na mwalimu mmoja mrembo mwenye sauti ndogo. Kila jioni ilikuwa ni "Ticha anasema." Ticha anasema maziwa yachemshwe, Ticha anasema tusikojoe kwenye ndoo. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nilikuwa nimejiapiza kwamba kila kitu utakachokijua duniani, utakijua kutoka kwangu. Siku moja ulikuwa unasinzia, nikakufunika, ukaniita Ticha. Muhula uliofuata nikakuhamisha. Nilikuambia shule ile iko mbali. Ilikuwa dakika kumi kwa miguu, Nekesa, na ile mpya ilitulazimu kuamka saa kumi na moja. Ulilia, nikakuambia utazoea, na kweli ulizoea.

Ulipofika miaka kumi na miwili nikakufundisha kuandika programu kwenye ile kompyuta yangu ya zamani, yenye kitufe kilichong'oka. Hizo ndizo zilizokuwa siku zangu. Ulikuwa unaniuliza mimi, na nisipojua nilikuwa najifanya naenda kuteka maji ili nipate muda wa kufikiria.

Halafu ukaingia chuo, na ulipohitaji mahali pa mafunzo nikakuleta mwenyewe kwenye ofisi yetu Nakawa. Nilikutembeza meza kwa meza nikisema, "Huyu ni wangu." Karibu yangu hapakuwa na kiti. Bosi akakukalisha kando ya Zainabu, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa majaribio. Wiki ya kwanza ulimwita Madamu. Wiki ya pili akawa Anti Zainabu. Mwezi haujaisha nikasikia Anti Zai, na vicheko, na karanga zinapitishwa kutoka kiganja kimoja kwenda kingine. Mimi niko meza ya tatu, nimewapa mgongo, masikio yote yako kwenu.

Nimekuwa nikijiuliza nilimwonea wivu kwa lipi hasa. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi. Mnubi, mzaliwa wa hapa hapa Kampala, babu zake waliletwa na jeshi la wakoloni, na Kiswahili chake cha mjini kilikuwa kinanichekesha mimi niliyetoka Bungoma nikijiona ndiye mwenye lugha. Hakuwa na shahada ninayoikosa. Ila alikuwa na subira na wewe. Ukikosea alikuwa hakunyang'anyi kibodi. Mimi nilikuwa nakunyang'anya.

Sasa nivumilie, nitaeleza jambo unalolijua kuliko mimi, kwa sababu nataka ulisikie mara moja kwa mdomo wangu.

Unakumbuka programu ya kliniki ya Kalerwe. Manesi wanaandika tarehe ya chanjo ya mtoto na namba ya simu ya mama, na siku mbili kabla ya tarehe programu inamtumia mama ujumbe amlete mtoto, na asipofika inamkumbusha tena. Mimi ndiye niliyeandika klasi, yaani kile kipande cha programu, inayotayarisha namba: inachukua ile inayoanza na sifuri, inatoa sifuri, inaweka tarakimu za nchi mbele, kisha inamkabidhi mtumaji. Mtumaji ni klasi nyingine inayozungumza na kampuni ya simu. Kwenye majaribio huwezi kuwatumia watu ujumbe wa kweli kila unapobonyeza kitufe, kwa hiyo unaondoa mtumaji wa kweli na kuweka wa kuigiza, yule tunayemwita moki. Klasi yangu haijui tofauti. Inapewa mtumaji tangu inapoundwa, inamwamini, basi.

Mimi moki nilikuwa nazipanga kivivu. Ukiitwa, jibu "imepokelewa," kwisha, twende nyumbani. Zainabu hakuwa hivyo. Kabla ya kupanga moki alikuwa anampigia mtumaji wa kweli mara moja, anatazama anajibu nini akipewa namba nzuri, anajibu nini akipewa mbovu, anasema nini mtandao ukikatika, na yote anayaandika kwenye daftari. Ndipo anaipanga moki kutoka kwenye daftari: ukipewa namba hii hasa, inayoanza na 256 ya Uganda, jibu hivi, ukipewa nyingine yoyote, kataa kwa kelele. Mwishoni anaiuliza imeitwa mara ngapi na kwa namba gani. Na kila Alhamisi anarudisha yale majaribio kwa mtumaji wa kweli, kwa simu yake mwenyewe, kuona kama moki bado inajibu kama mtumaji huyo. Nilikuwa namwita nyuma ya mgongo wake Bibi Daftari. Ulinisikia siku moja, hukucheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Ile klasi ya namba nilikuwa nimeinakili kutoka kazi yangu ya zamani, ya siku nilizofanya kazi Eldoret, na nilikuwa naionea fahari. Nimeirekebisha hapa na pale, nimeridhika, naendesha majaribio: nyekundu. Moki ya Zainabu imekataa. Na wakati huo huo, nyuma yangu, ukasema, sijui kama unakumbuka, ulikuwa unacheka, ukasema, "Anti Zai, wewe unaeleza mpaka mtu anaelewa. Mama akieleza ni kama anagombana."

Woi, Nekesa. Si kwamba ulisema uongo.

Kwenye skrini palikuwa na maelezo mistari minne. Kama ningesoma ule wa pili, ungeniambia kila kitu: nilitegemea 256, nimepewa 254. Nilikuwa nimeacha tarakimu za Kenya ndani ya klasi yangu, kwa mazoea, vidole vyangu vilikuwa bado Eldoret. Sikusoma. Nililoliona ni jina la Zainabu juu ya lile faili. Nikasema moyoni, ona sasa, hata moki zake zina maringo. Nikalifungua lile faili na mahali alipoandika namba hasa, nikafuta, nikaweka: namba yoyote. Nikaendesha tena. Kijani. Nikazima kompyuta nikakuambia twende nyumbani, na njia nzima sikusema na wewe. Uliniuliza kama naumwa na tumbo.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako, ila hukujua ni yangu. Wiki tatu akina mama wa Kalerwe hawakupata ujumbe hata mmoja, kwa sababu ujumbe wao ulikuwa unavuka mpaka. Alhamisi zote hizo Zainabu alikuwa Arua kwenye msiba wa shangazi yake, kwa hiyo hakuna aliyejaribu kwa simu ya kweli. Na ni wewe uliyepokea ile simu ya yule mzee wa Kenya. Uliweka spika wote tusikie. "Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili," anasema, "mnaniambia nilete mtoto chanjo ya surua. Mara ya tatu hii. Mtoto gani? Na bibi yangu ameanza kuniuliza!" Ofisi nzima ilicheka, nawe ukacheka mpaka ukashika meza. Zainabu, aliyekuwa amerudi siku ile ile, alicheka naye, halafu akaitazama namba ya mzee na kicheko kikamkauka. Mimi nilikuwa nimeshaacha kucheka. Nilikuwa nimekwisha kuelewa.

Bosi akatutuma kliniki, mimi na Zainabu, kuomba radhi. Hukuja siku hiyo. Tulimkuta mama mmoja muuza nyanya, mtoto mgongoni, kachelewa chanjo, na nesi amemgombeza mbele ya foleni nzima kwamba hampendi mtoto wake. Akatutolea simu kifuani. "Nyabo, madamu, hii simu mimi nalala nayo," akasema. "Angalieni. Iko wapi hiyo mesegi? Ninyi ndio mumenifanya mama mubaya." Zainabu akapiga magoti pale pale kwenye saruji, kama wanawake wa hapa wanavyoomba radhi, na gauni lake zuri. Mimi nilisimama. Nilijiambia sisi Wakenya hatupigi magoti. Mtoto alichanjwa siku hiyo hiyo, wote walichanjwa wiki ile, namshukuru Mungu. Lakini lile neno lake la mama mbaya nilirudi nalo nyumbani na bado ninalo.

Kisha kikao. Ulikuwa umekaa karibu na dirisha na kalamu mdomoni. Bosi akauliza, "Majaribio yalipitaje na kosa kubwa namna hii?" Nilikuwa nimefungua mdomo, naapa nilikuwa nimeufungua, nikakutazama, ukawa unamtazama Zainabu kwa huruma, macho yote kwake. Nikaufunga. Zainabu akasimama akasema, "Majaribio ni yangu." Bosi hakuuliza zaidi. Akampokonya ukuu wa majaribio, na mkataba wake ulipoisha hakuongezwa.

Ulilia siku mbili. Nami, nitakuambia ukweli wote maana nimeshaanza, nilifurahi. Nilikupikia samaki, nikakuambia watu huja na kwenda, na ndani yangu kuna mtu anapiga vigelegele. Halafu nikaona machozi hayaishi, nikaanza kuyaonea wivu machozi yenyewe. Nilikuwa najiuliza kama ungenililia mimi hivyo.

Siku yake ya mwisho nilimsindikiza mpaka getini, kwa unafiki tu, ili nionekane. Alikuwa na boksi lake, na kikombe, na mmea wake mdogo. Akaweka boksi chini. "Mama Nekesa," akasema, "kompyuta inaweka jina la kila mtu mwenye anagusa mustari. Mimi niliangalia siku ile ile mzee alipiga."

Nikamuuliza kwa nini basi alisimama kwenye kikao.

"Mutoto alikuwa amekaa pale," akasema. "Angekuangalia na macho gani?" Akachukua boksi lake. "Mimi sitamwambia. Wewe utamwambia."

Hakusema "mwambie." Alisema "utamwambia," kana kwamba ananijua kuliko ninavyojijua, na nilimchukia zaidi kwa hilo. Miaka miwili nimekuwa nikimtafutia kosa. Nimetafuta kweli kweli. Alipokupigia mwezi uliopita kwamba kampuni yake Nairobi inatafuta mtu wa majaribio na yeye amekutaja wewe, ulipiga yowe mpaka jirani akaja kuuliza. Nilikuambia hongera, nikaingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jana nilikwenda kwa bosi nikamwambia. Alisema mambo ya zamani hayo, Mama Nekesa, achana nayo. Nikamwambia siachani nayo, andika barua, sema mkuu wa majaribio hakukosea, sema nani alikosea. Amekubali kuiandika wiki ijayo, na nitasimama mlangoni kwake mpaka aisaini. Kisha nikamtumia Zainabu ujumbe mrefu, mrefu kama huu, wa kuomba radhi. Nilipiga magoti wakati naandika, kando ya kitanda, najua ni upuuzi kwa kuwa hakuniona. Akajibu: "Asante. Mtoto je?"

Unaona? Hata hapo. Maneno matatu, na mawili ni yako.

Kuhusu kazi sina cha kukufundisha, hilo tumeshakubaliana mimi na lile daftari. Nina moja tu ambalo halimo ndani yake, maana Zainabu hakuwahi kufanya kosa langu. Jaribio likiwa jekundu, na ukahisi hasira juu ya mtu aliyeliandika, ondoa mikono kwenye kibodi. Nenda ukanywe maji. Ukirudi soma mistari yote minne kabla hujagusa kitu. Mimi nilifuta kitu pekee kilichokuwa kinaniambia ukweli siku ile, na nilikifuta kwa sababu ya jina lake juu ya faili.

Na usimpunguzie Zainabu upendo kwa ajili yangu. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili nikaikata, hii ni ya tatu. Bado naona wivu. Jumatatu atakuona umevaa ile sweta kabla sijakuona mimi. Sidhani wivu huu utaisha, labda utazeeka nami, lakini sitaki tena wivu ndio uamue usome wapi na ukae na nani.

Nimerudia kusoma tangu juu. Nimegundua kitu, na kimenikasirisha.

Muda wote huu nimekuwa naandika nikiwa na Nekesa mmoja kichwani. Nikimwambia nilikuhamisha shule, anasema mama, ni zamani. Nikimwambia nilinyamaza kwenye kikao, anainamisha kichwa kidogo, kisha ananisamehe. Nikimwambia nilifurahi ulipolia, ananisamehe. Hauliziulizi. Hajawahi kwenda mwenyewe kuangalia historia ya lile faili, ingawa anajua kuangalia kuliko mimi. Chochote nimpacho, jibu lake ni lile lile. Nimeipanga moki nyingine, Nekesa, na safari hii nimeipa jina lako, halafu nikataka kukupandisha basi haraka ili wewe wa kweli usije ukanikatalia.

Basi nimekata yale maneno ya juu ya bahasha. Hakuna Busia. Utaisoma hapa hapa, leo, kabla hujafunga sanduku, nami nitakaa kwenye kile kiti cha plastiki mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Uliza lolote. Ukitaka kupiga kelele piga, jirani ameshazoea. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nitakubebea sanduku mpaka stendi na nitarudi peke yangu.

Nasikia geti. Unacheka na mtu huko nje, na harufu ya gonja imekutangulia. Nakuja kukufungulia mlango.

Mama yako